Ndoo na Sponji

Mimi si kocha. Mimi ni wa ndoo.
Jumapili nachota maji kwenye bomba la sokoni,
lita kumi, sponji moja, chupa ya spiriti,
na kwa kazi hiyo Kibaigwa nzima inaniita Dokta.

Ndahani alikuwa kuli, na namba tisa wetu.
Jumatatu mpaka Jumamosi gunia la mahindi
kisogoni, ngazi ya ubao, mpaka juu ya roli,
shuka, rudi, kisogoni tena.
"Shingo hii," alikuwa akisema, "imesomesha wadogo zangu wawili."
Kwa hiyo kona ikipigwa hatukuwa na mashaka:
kichwa kile kilikuwa kazini.

Siku ile Pandambili walikuja na kipa mrefu, Malogo,
kijana mpole, muuza karanga wa stendi.
Upepo wa Agosti ulikuwa unauchota uwanja
na kutumwagia machoni.
Mpira ukapanda, ukakaa huko, ukasahau kushuka.
Ndahani akaruka. Malogo akatoka, ngumi juu,
goti mbele.

Haukuwa mlio mkubwa.
Ni ule wa gunia linalodondoka toka juu ya roli:
kila kuli uwanjani aliutambua
na akageuka kutazama nani ameliangusha.

Nikakimbia. Maji yakanimwagikia miguuni.
Alikuwa amelala, mkono mmoja umenyooka juu
kama mwanafunzi anayejua jibu.
Nikamkamulia sponji utosini. Mkono ukashuka.
Filimbi ikangoja. Watu wakapiga kelele,
"Inuka, mwanaume! Usituangushe!"
Nikamuuliza, "Vipi?"
Akasema, "Poa."

Poa. Neno ambalo mtu hulijibu hata usingizini.

Akasimama. Akatazama goli hili, akatazama lile,
akaniuliza polepole, kama mgeni anayeulizia choo:
"Dokta, tunashambulia upande gani?"
Nikacheka.
Nikamshika mabega, nikamgeuza,
nikamsukuma kidogo,
na kwa refa nikainua kidole gumba.

Dakika ya themanini na nane akafunga. Kwa kichwa.
Wakambeba juu juu mpaka kwenye mizani ya soko,
wakampima kwa utani: kilo sitini na nane, daraja la kwanza.
Yeye akawa anauliza, "Tumefungwa ngapi?"
Wakacheka. Akauliza tena.
Usiku akatapika nyuma ya banda la chipsi
na mimi nikasema ni jua.

Dodoma, hospitali, wakampiga picha ya kichwa.
Daktari, yule wa kweli, hakuulizia goti.
Aliuliza, "Nani alimrudisha uwanjani?"
Mama yake, Sechelela, akajibu kwa fahari kidogo:
"Walikuwa na mtu wao wa huduma ya kwanza."

Sasa yupo.
Hukaa kivulini mwa magunia asiyoyabeba,
shati usoni, maana mabati ya ghala yanamchoma macho.
Walimpa kazi ya kuhesabu. Hufika mia na nne,
kisha huanza kuitafuta mia na tatu ilikokwenda.
Malogo humletea karanga kila siku ya mnada.
Hukaa naye. Hawasemi.

Jumapili iliyopita beki wetu Chidawali alikula kiwiko.
"Poa," akasema.
"Leo siku gani?"
Akafikiri.
Nikaikamata jezi yake, nikamvuta mpaka nje,
wakanitukana, wakasema nimehongwa mbuzi.
Nikamkalisha kando ya ndoo.
Ndahani akasogea kumpisha.

Kisha, kama kila Jumapili, akaniomba nimsimulie bao.
Namsimulia. Krosi toka kulia, vumbi,
jinsi alivyoning'inia hewani, jinsi wavu ulivyotuna
(hatuna wavu, lakini namwekea wavu).
Nasimulia kwa mkono mmoja.
Ule mwingine naufumbata,
kidole gumba ndani.